Aliyekaa Kwenye Kochi la Kijani

Bernadine Nowicki alikuwa na mume mmoja na kero moja, na vyote viwili vilikaa kwenye kochi lilelile. Mume aliitwa Len, mstaafu wa kiwanda cha vioo. Kero ilikuwa mdomo wa Len. Filamu ikianza tu, yeye anasimulia kinachokuja: huyu atakufa, yule ndiye muuaji, ngoja uone dirisha litakavyovunjika.

Mke mwingine angecheka. Bernie, kama wote walivyomwita, hakucheka, kwa sababu filamu ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila Oktoba gazeti moja dogo la hapa Toledo, Marekani, lilimpa safu ya kuhakiki filamu za kale za kutisha, za wanyonya damu, za maiti wanaotembea na bandeji zao, za watu wanaoota manyoya mwezi ukijaa, ili wasomaji wajue cha kutazama wakisubiri Halowini, usiku wa mwisho wa mwezi ambapo watoto huvaa kama mazimwi na kuomba peremende nyumba kwa nyumba. Alijivunia jambo moja: hakuwahi kuandika neno juu ya filamu ambayo hakuitazama mpaka mwisho.

Alasiri moja alifunga mapazia ya sebuleni, akakaa kwenye kiti chake karibu na runinga, akaweka filamu ya zimwi la kinamasi. Msichana alikuwa akikimbia, jumba limejaa giza.

"Sasa atateleza kwenye ngazi," ikasema sauti nyuma yake, kwenye kochi.

"Len, nyamaza."

Msichana akateleza.

"Ataacha kiatu kimoja."

"Len, nakuomba. Nipo kazini."

Kiatu kikabaki kwenye ngazi, cheupe, peke yake. Ndipo Bernie aliposikia reki ikikwaruza majani nje. Alisogeza pazia. Len alikuwa uani, kofia imemfunika masikio, akikusanya majani ya mti wa jirani huku akimfokea mbwa wao Kluska aliyekuwa akiyatawanya.

Bernie aligeuka. Kochi lilikuwa tupu. Lakini katikati, kwenye kitambaa cha kijani kilichochakaa, palikuwa na bonde kama la mtu mzito aliyekaa, na bonde lile lilikuwa likijaa polepole, springi moja baada ya nyingine, kama mtu anayeinuka bila haraka. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imetanda chumbani.

Kilichomjia kwanza hakikuwa hofu. Ilikuwa hasira. Miaka yote ile ya kumnyamazisha mtu mmoja, na sasa wamekuwa wawili.

Usiku ule alimweleza Len wakiwa mezani.

"Umechoka," Len alisema, akijipakulia viazi. "Mtu akitazama mashetani tangu mchana, atasikia nini? Kwaya?"

"Ilisema kabla haijatokea."

"Si umezitazama zote hizo mara mia? Kichwa chako ndicho kilichosema."

"Hii sikuwahi kuiona, Len."

Len alikubali kukaa naye kesho yake ili kumaliza ubishi. Alikaa palepale katikati ya kochi, miguu mezani. Hakuna sauti iliyotoka. Hakuna harufu. Karibu na mwisho Len akasema, "Umeona? Hamna kitu," na kabla Bernie hajajibu akamwambia pia kwamba daktari ndiye zimwi. Na kweli daktari ndiye aliyekuwa zimwi. Bernie aliizima runinga akaenda kukaa bafuni, mlango ameufunga, mpaka machozi ya hasira yalipokauka.

Alipokuwa peke yake, sauti ilirudi. Haikuwa ya Len, sasa alisikia vizuri. Ilikuwa nyororo, ya mtu anayesema huku akitabasamu. Ilimharibia filamu ya pili, ya tatu, kila moja. Alipoziba masikio, ilisubiri azizibue. Alipohamisha kiti, ilisogea mpaka mwisho wa kochi, naye akasikia springi zikifuata. Kluska aliacha kupita sebuleni. Alikuwa akizungukia jikoni, mkia chini, hata sahani yake ikiwa upande wa pili.

Mhariri, kijana aitwaye Desmond, alipiga simu. "Bi Bernie, safu ya wiki hii iko wapi? Watu wanaiulizia."

"Sijamaliza filamu hata moja."

"Kwani lazima umalize? Zimwi linakufa, msichana anaolewa. Andika."

"Desmond, usinifundishe kazi."

"Sikufundishi, mama. Nina nafasi nyeupe kwenye ukurasa, ndiyo shida yangu."

Siku hiyo runinga ilikuwa imezimwa kabisa. Bernie alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule na kikombe cha kahawa, akiliangalia kochi kama mtu anavyomwangalia mpangaji asiyetaka kuhama.

"Kikombe kitaanguka," sauti ikasema.

Kikaanguka. Hakukiachia, angeweza kuapa hivyo. Alihisi kama kimepigwa kwa chini.

"Simu italia, na hakuna atakayesema."

Ikalia. Akaipokea. Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, na nyuma ya pumzi ile mlio wa springi.

"Jumamosi mzee atapanda ngazi kusafisha mifereji ya paa," sauti ikasema, taratibu, kama inayomsomea mtoto. "Atateleza. Hatainuka."

Len husafisha mifereji ya paa kila mwisho wa Oktoba, kabla majani hayajaganda. Bernie alimwomba mwaka huu amwite mtu. Alimwomba kwa upole, kisha kwa kelele, kisha akaficha funguo za banda la ngazi.

"Kochi limekwambia nitaanguka," Len alisema, "na mimi nisikilize kochi."

"Nisikilize mimi."

"Nimekusikiliza wiki nzima, Bernie. Sasa nataka funguo zangu."

Bernie alipiga simu parokiani. Karani wa ofisi alimwambia padri ana shughuli nyingi za mauzo ya pierogi, yale maandazi ya Kipolandi, ila Novemba atapata nafasi.

"Ni dharura?" karani akauliza.

"Ndiyo."

"Ya namna gani, niandike?"

Bernie akakata simu.

Ijumaa alikuwa na miadi saluni, kwa Ilona Hegedus, mwanamke wa Kihungari wa ng'ambo ya mto ambaye amekuwa akimtengeneza nywele tangu zikiwa nyeusi. Ilona alimlaza kichwa kwenye sinki, akafungua maji, kisha akayafunga ghafla.

"Nani anakupumulia kichwani?" aliuliza chini chini.

Bernie alijaribu kuinuka, Ilona akamrudisha chini.

"Nywele zako zinanuka moto, dada. Na hujakaribia moto. Mama yangu alikuwa akiondoa vitu hivi kwa watu, harufu yake naijua. Sema."

Bernie, kichwa kikiwa bado sinkini, maji yakimtiririka shingoni, alisema yote. Hakuna aliyemcheka, na hilo peke yake lilitosha kumfanya alie.

"Ulikikaribisha?" Ilona aliuliza.

"Nani anakaribisha kitu kama hicho?"

"Fikiri."

Alifikiri. Safu ya kwanza ya mwezi ilikuwa ya filamu kuhusu mpangaji asiyeonekana. Ilimchosha sana, naye akaandika kwa dhihaka kwamba zimwi lile halimtishi hata mbwa wake, na likikosa pa kulala lije kwake, kochi lina nafasi.

Ilona alifuta mikono kwenye aproni. "Gazetini. Mbele ya mji mzima. Mwingine hukaribisha kwa kunong'ona, wewe umetangaza."

"Ilikuwa utani."

"Hakijui utani. Sasa nisikilize. Hakijui yajayo. Kinasema, kisha kinayafanya. Na hakiwezi kufanya mpaka mtu asikie sentensi nzima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wewe ndiye unayekipa nguvu, kwa kusikiliza."

"Ya Len nimeshaisikia yote."

"Basi kitairudia wakati wa kuifanya, maana vinapenda kusikilizwa. Hapo ndipo ukikatize. Nitakuja kesho mchana. Mpaka nifike, usimwache mzee apande."

Lakini redio ilitangaza mvua, na Len alikuwa na ufunguo wa akiba. Jumamosi kabla ya saa sita, Bernie akiwa jikoni, alisikia chuma kikigonga ukuta wa nje. Alikimbilia sebuleni kwa sababu dirisha lake ndilo lililotazama upande ule, na nje ya kioo aliona buti za Len zikipanda, buti moja, buti nyingine, kisha magoti hayapo tena, kisha hakuna kitu ila ngazi inayotikisika.

Harufu ilimjaa puani. Kochi lilibonyea.

"Sasa mzee," ikasema ile sauti sikioni mwake, karibu kiasi kwamba alihisi mdomo, "ata—"

"Zimwi la ziwani linakufa kwa radi," Bernie akasema kwa sauti kubwa, na sauti ikarudi mwanzo, sasa mzee ata, naye akapaza zaidi, akasema mnyonya damu anachelewa kurudi jenezani jua likamkuta kwenye ngazi za kanisa, na maiti ya bandeji inazama mtoni na mtu aliyeifufua, na mbwamwitu anapigwa na mama yake mzazi asiyejua ni mwanawe, akamwaga miisho yote ya miaka yote, yeye ambaye hakuwahi kumharibia mtu yeyote mwisho wa filamu, akapiga kelele juu ya ile sauti iliyokuwa sasa haitabasamu tena bali ikifoka na kuanza upya na kuanza upya, huku picha zikidondoka ukutani na pazia likimpiga usoni na nje ngazi ikikwaruza ukuta kushoto, kulia, na Len akipiga yowe, na miguu yake ikining'inia mbele ya kioo ikitafuta mahali pa kukanyaga, mpaka mlango wa mbele ukafunguka na Ilona akaingia na mfuko wa chumvi, akaumwaga wote juu ya kochi bila kusema hata habari za mchana.

Kimya.

Buti za Len zikapata ngazi. Zikashuka.

Aliingia akiwa mweupe, goti linavuja damu. "Majani yana utelezi," alisema. Kisha akaziona picha zilizoanguka, akamwona mkewe aliyepotelewa na sauti, na mwanamke asiyemjua vizuri aliyesimama juu ya lundo la chumvi. Hakubisha tena. Alivua kofia.

"Kochi litoke dirishani," Ilona alisema. "Mlango kinaujua, kitarudi. Kisha mlikate kwa shoka leo hii. Mtu asilikalie."

Walilitoa dirishani, watatu, wakisukumana na kulaumiana, Len akilalamikia goti, Ilona akimwambia atalalamika vizuri zaidi akiwa hai. Walilivuta mpaka ukingo wa barabara. Mvua ikaanza.

"Shoka kesho," Len alisema. "Siwezi kusimama."

"Leo," Bernie akasema, lakini sauti yake ilikuwa mnong'ono, na Len alikuwa ameshaingia ndani. Alilichukua shoka mwenyewe. Alipiga mara kadhaa kwenye mbao zilizolowa, mpini ukamteleza, na mkono ukakataa kuinuka tena. Alilifunika kochi kwa turubai.

Jumapili, walipotoka misani, turubai lilikuwa limekunjwa vizuri kwenye nyasi. Kochi halikuwepo.

"Limeenda," Len alisema, akionekana kufurahi. "Imekwisha, mke wangu."

"Nani amelichukua?"

Jirani alikuwa ameona wanafunzi wa chuo na gari la mizigo. Walionekana vijana wazuri, alisema. Walimpungia mkono.

Ilikuwa siku ya Halowini. Jua lilipoanza kushuka, watoto walitoka na mifuko yao, na Bernie akatoka pamoja nao. Aligonga nyumba moja hadi nyingine mtaa wa wanafunzi, koti limefungwa vibaya, nywele zimetimka, sauti imekauka. "Mmeokota kochi la kijani?" aliuliza. Watu walicheka. Walisema vazi lake zuri sana. Mmoja alimtilia peremende kiganjani, na mwingine, na mwingine, mpaka mifuko ya koti ikatuna.

Alilikuta kwenye baraza la nyumba ya manjano. Wanafunzi walikuwa wamelipamba kwa utando wa pamba na maboga yenye taa, na watoto walikuwa wamepanga foleni kukaa hapo na kupigwa picha. Chumvi yote ilikuwa imeoshwa na mvua.

"Msiwaweke hapo," Bernie alisema. "Nawaomba. Kuna kitu."

"Anaweza kuigiza kweli, huyu," mwanafunzi mwenye simu alimwambia mwenzake. "Mama, tafadhali sogea kidogo, unaziba mwanga."

Msichana mdogo aliyevaa mabawa ya nyuki alikuwa amekaa katikati. Picha ilishapigwa, lakini hakuinuka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayenong'onezwa. Kisha akamtazama Bernie.

"Bibi," akasema, "huyu anasema hutafika nyumbani."

Bernie alipanda ngazi mbili tatu za baraza, mkono mbele. "Inuka, mwanangu. Usimsikilize. Njoo kwangu."

"Subiri," mtoto akasema kwa adabu. "Bado hajamaliza."