Taa Iliyozimika Yenyewe

Fundi alishona nguo za watu kwa miaka arobaini. Kisha presha ya macho ikamnyang'anya nuru kidogo kidogo. Sasa aliona vivuli tu, na chini ya taa kali aliweza kutofautisha uzi mweusi na mweupe. Aliishi kwa mwanawe na mkwewe.

Nyumba yao ilikuwa ya kisasa. Taa ziliwashwa kwa simu. Jiko lilikuwa kioo kitupu, halina hata swichi ya kuzungusha. Mezani kulikaa spika iliyojibu ukiisemesha.

Lakini Fundi hakuwa na amani. Kila alipotulia na sindano yake, taa ilizimika. Pu! Giza. Alitega sikio. Chumba cha pili, mkwe alikuwa akibofya simu.

"Ni yeye," alijisemea. "Anataka nichoke, nifungashe virago."

Siku moja alipapasa jiko, akawasha upande asioukusudia. Kitambaa kilichokuwa juu yake kikaungua.

"Mama, naomba usiingie tena jikoni," mkwe akasema.

Fundi akatoka akipapasa ukuta. Moyoni alisema, haya, sasa mambo yako wazi. Hata spika aliifunika kwa taulo, isimpelekee mkwe maneno yake.

Wiki iliyofuata mkwe alileta mgeni, mwalimu wa wasioona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kunihamisha?"

Mgeni alicheka. Akamwekea mkononi fimbo yake nyeupe. "Mimi pia sioni, mama. Nimekuja kukagua nyumba, sikuja kukukagua wewe."

Fundi akamwaga yote. Mkwe alisikia, akashtuka kama aliyepigwa kofi.

"Mpe mama simu yako," mwalimu akasema. "Sasa tukae. Asisogee mtu."

Wakatulia. Fundi aliibana simu kwa mikono miwili. Zikapita dakika tano. Pu! Taa ikazimika.

"Nani kazima?" akauliza Fundi.

"Hakuna, mama," mwalimu akasema. "Darini kuna kifaa kinachotambua mtu akisogea. Wewe ukishona unatulia, nacho kinadhani chumba ni kitupu. Kwenye simu tutakizima, taa iwake mpaka wewe useme."

"Na hiyo spika? Inanisikiliza?"

"Inasikiliza, hujakosea. Ila ina kitufe cha kuiziba masikio. Kipapase hapa. Ukitaka faragha, bonyeza."

Kisha wakaenda jikoni. Mwalimu alibandika vinundu vya plastiki kwenye kioo: kimoja kwa jiko la kushoto, viwili kwa la kulia, kikubwa cha kuzimia. Akawasha sauti ya jiko, liwe linatamka likiwaka au likizimika. Ukingo wa meza nyeupe waliuwekea utepe mweusi, Fundi auone.

"Na kila kitu kikae mahali pake," alimwambia mkwe. "Ukikihamisha, mwambie."

Siku tatu mkwe alisimama karibu wakati Fundi akipika. Siku ya nne alikwenda kazini. Aliporudi jioni, akanusa supu tangu mlangoni.

"Mama, umepika peke yako?"

"Peke yangu. Jiko lenyewe liliniambia limewaka, na limezimika." Fundi alishusha sauti. "Mwanangu, nilikushuku bure. Nisamehe."

Mkwe aliweka mkoba wake chini.

"Na mimi nilikuzuia kuingia jikoni bila kukuuliza," akasema. Akavuta kiti. "Nipakulie, mama. Nina njaa."