Kiungo Kilichofuta Majina

Kila Jumanne baada ya shule, Britta Halvorsen alikung'uta theluji kwenye mabuti yake mlangoni pa maktaba ya mji, akachukua biskuti moja koponi, kisha akaketi kwenye kompyuta iliyo karibu na dirisha. Hapo ndipo kilipokutana chama cha watoto wanaotengeneza programu za tovuti. Mwalimu wao, Bi. Okerlund, alikuwa fundi wa programu aliyestaafu.

Msimu ule walitengeneza tovuti ya kuazima viatu vya kuteleza kwenye barafu. Mzazi akituma ombi, programu hulipokea na kuliweka kwenye hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta. Watoto sitini na wawili walikuwa wameshaandikishwa, jina na saizi ya mguu. Viatu vingegawiwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Britta alipewa sehemu ya kufuta majina yaliyoandikwa kimakosa. Bi. Okerlund alikuwa na sharti alilolirudia mpaka watoto wakalichoka: ombi la kusoma, yaani kufungua ukurasa tu, lisibadilishe kitu chochote; anayetaka kufuta lazima aingize nywila, yaani neno la siri, na abonyeze kitufe. Kisha kazi ijaribiwe, ndipo uweke alama ya vema ubaoni. Lakini Britta alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Kando ya kila jina aliweka kiungo cha kawaida, yaani neno la kubonyeza linalofungua ukurasa mwingine. Ukikifungua tu, jina limekwenda. Hakujaribu chochote. Akaweka vema, akavaa koti.

Jumanne iliyofuata walifungua orodha wakaikuta nyeupe pe! Hapakuwa na jina hata moja.

"Ni Wendell huyo!" Kyler, mmoja wa wanachama, alipaza sauti. "Jana si ndiye aliyekuja hapa akashika kompyuta mwisho?"

"Mimi? Nilibadilisha rangi tu!" mwenzao Wendell alijitetea. "Hebu niambie, rangi ya bluu inafutaje majina?"

"Muulize mdogo wako Jumamosi, akikosa viatu!"

Watoto walicheka. Wendell hakucheka. Mdogo wake alikuwa kwenye orodha ile, naye alikuwa akihesabu siku.

Britta alijua ni kiungo chake. Alijiambia atamweleza mwalimu kesho, wakiwa wawili tu, bila Kyler kusikia. Kisha akamwona Wendell akijifuta macho kwa mkono wa sweta, na maskini hakuwa na kosa lolote.

"Mwacheni," alisema. "Ni mimi. Niliweka kiungo cha kufuta, na sikukijaribu. Ile vema ilikuwa ya uongo."

Bi. Okerlund alifungua daftari la maombi, mahali programu inapoandika kila aliyeitembelea.

"Njoo uone, binti," alisema. "Asubuhi hii imepita programu ya kutafuta habari. Kazi yake ni kuzunguka mtandaoni ikifungua kila kiungo inachokikuta. Imefungua vyako vyote sitini na viwili, na kila kimoja kimetii." Ghafla akageuka. "Saa ngapi sasa?"

"Kumi na moja na nusu," Wendell alijibu.

"Nakala ya akiba ya orodha ya jana bado ipo! Saa kumi na mbili kamili kompyuta itaifuta na kuweka ya leo, isiyo na kitu. Haraka, Britta, toa hicho kiungo kwanza!"

Britta akakitoa kiungo. Bi. Okerlund akarudisha nakala. Majina yakajipanga tena, moja moja, mpaka sitini na mawili. Wendell alilitafuta la mdogo wake, akalionyesha kwa kidole, akatabasamu.

"Samahani, Wendell," Britta alisema.

"Nikatie nusu ya biskuti yako, yaishe."

Bi. Okerlund alimpa Britta kitambaa cha kufutia ubao. "Kila mtu anayefanya kazi hii hukosea, hata mimi. Kosa lako kubwa lilikuwa kusema umejaribu wakati hukujaribu. Lakini leo umesema kweli mbele ya watu, na umesema mapema. Ungengoja mpaka kesho, tusingekuwa na cha kurudisha."

Britta akaifuta ile vema, akarudi kwenye kompyuta kuanza kujaribu.