Mkono Kwenye Nati

Kila asubuhi, kabla uwanja wa michezo haujafunguliwa, Fundi alipanda treni ya mbao kwa miguu. Yaani reli zake, vile vilima vya mbao ambako watu huvutwa juu polepole kwa mnyororo, kisha wakaachiwa chini wakipiga mayowe na kucheka. Yeye alivipanda na nyundo ndogo mkononi, akigonga boriti moja moja na kusikiliza. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu. Uliooza hunung'unika. Mzima anauwekea alama ya vema kwa chaki, uliooza anauchora X, na ukishachorwa X basi, ni wa kung'olewa.

Treni ya namna hii ina tabia zake. Mbao hunywa mvua zikavimba, jua likiwaka zikasinyaa, na bolti zikabaki zinachezacheza kama jino la mtoto. Reli mbili zikiachana unene wa ukucha tu, magurudumu yanaanza kugonga huku na huku, na abiria anashuka ameshika shingo. Kona ya mwisho ndiyo iliyokuwa na ukorofi kuliko zote. Aliyeichora aliiweka chini kabisa ya mteremko mrefu, treni ikawa inaivamia kwa uzito wake wote. Bolti kumi na mbili za kona hiyo zililegea kila wiki.

Kuzikaza ni kazi ya watu wawili. Mmoja anasimama ndani ya kona, spana kwenye kichwa cha bolti. Mwenzake yuko nje, nyuma ya boriti, ameishika nati isizunguke. Hawaonani. Kwa hiyo Fundi na mtu aliyefanya naye kazi kwa miaka kumi na tisa, ambaye uwanja mzima ulimwita Pacha, walijiwekea utani wao na utani ukawa sheria. Wa ndani anabisha, "Hodi." Wa nje, mkono ukiwa kwenye nati, anajibu, "Karibu." Ndipo wa ndani anailalia spana kwa nguvu zake zote. Bila mkono kwenye nati, husemi karibu, hata kwa mzaha.

Wawili hao walikuwa chanda na pete. Pacha alikuwa mtu wa kushoto, na alama zake zililala upande, mkia mrefu ukiburuzwa chini, hata Fundi akawa anamtania kwamba chaki yake imelewa. Mazoea ya hodi yalimkaa Pacha mwilini. Mkewe alikuwa akisema mume wake hubisha hodi hata akiingia chooni kwake mwenyewe.

Sasa sikiliza jambo ambalo Fundi hakumwambia mtu kwa miezi saba. Siku ile Pacha alikuwa ndani ya kona, yeye nje. Wameshakaza bolti kumi na moja, imebaki moja. Fundi alihisi njaa, akatoa chungwa mfukoni, akaanza kulimenya. Pacha akabisha, "Hodi." Na Fundi, mdomo umejaa chungwa, mikono imejaa maganda, akajibu, "Karibu." Nati ikazunguka bure. Spana ikamtoka Pacha, uzito wake ukamtangulia, naye mkanda wa usalama alikuwa ameshaufungua ili ahamie nguzo ya pili.

Walipokuja wenye kuuliza maswali, Fundi alisema Pacha hakubisha hodi. Wakaandika hivyo kwenye ripoti. Uzembe wa marehemu.

Tangu siku hiyo hakuletewa msaidizi, naye hakuomba. Hakukanyaga tena upande wa nje wa kona. Aligonga ndani tu, akajaza fomu kwamba bolti zote zimekazwa, akarudi nyumbani kwenye chumba chake kimoja na kula akiutazama ukuta. Zilipita siku ambazo neno lake la kwanza kulitamka lilikuwa "asante," kwa muuza duka. Alikuwa mpweke mpaka akaizoea sauti ya kijiko chake mwenyewe.

Jumatatu moja meneja alimsimamisha langoni.

"Fundi, umeifanya nini ile kona? Watu wanasema treni inapita pale laini kama inateleza kwenye mafuta."

"Nimekaza tu, bosi," Fundi alisema.

Kazi hiyo hakuifanya. Kona isiyokazwa miezi saba ilitakiwa kurusha watu kama mahindi kwenye kikaango. Alipanda mwenyewe siti ya nyuma, pale panapotikisika kuliko pote, akafumba macho. Treni ikamwagika kwenye kona bila mlio wowote. Alishuka jasho limemlowesha mgongo.

Ijumaa mke wa Pacha akampigia simu.

"Shemeji, Jumapili nakuja kuipanda hiyo treni yenu. Nataka nipite alipopita mume wangu."

"Ya nini shemeji? Utajiumiza moyo bure."

"Nimeshaumia. Hivi kweli hakubisha hodi? Mtu yule?"

Fundi alisema mtandao unasumbua, akakata simu.

Hapo ndipo roho ilipomruka. Mwongo ni yeye, na anayekuja kukalia uwongo huo ni mjane wa mtu aliyemuua. Jumamosi saa tatu, jua limeshawaka na uwanja bado mtupu, alipanda mpaka kona ya mwisho. Alisimama ndani, mahali pa Pacha. Akakaza mkanda. Akaweka spana kwenye bolti ya kwanza, na bila kutaka, kwa mazoea tu, akasema, "Hodi."

"Karibu," ilijibu sauti ya Pacha nyuma ya boriti.

Mwili ulimsisimka kuanzia kisigino. Hakukimbia. Akailalia spana kidogo kidogo. Bolti ilikataa kuzunguka bure. Ilikaza. Upande wa pili kulikuwa na mkono.

Bolti ya pili. Hodi. Karibu. Ya tatu. Ya nne. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na aibu iliyoje, alikuwa anafurahi. Miezi saba hakuna aliyemwambia karibu. Alifika ya kumi na moja akijisikia mtu tena.

Akasogea kwenye ya kumi na mbili.

Kabla hajafungua kinywa, sauti ikasema, "Karibu."

Fundi akatulia. Sauti hii haikuwa ya Pacha, ilikuwa nzito. Ya mtu anayetafuna. Upepo ukavuma kutoka nje ya kona, ukamletea harufu ya chungwa.

Hakuilalia spana. Aliigusa kwa kidole kimoja tu. Bolti ikazunguka. Ikazunguka tena. Bure.

"Karibu," sauti ikarudia. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Aliteremka ngazi akitambaa kinyumenyume. Chini akamkuta meneja, akamwambia afunge treni.

"Kesho Jumapili, Fundi. Una akili kweli?"

"Upande wa nje haujakazwa miezi saba. Fomu zote nimedanganya."

Meneja alimtazama usoni, kisha akaenda kufunga mnyororo langoni.

Fundi hakupitia nyumbani. Alizunguka mitaani mpaka alasiri akitafuta ujasiri, kisha akaenda kwa mke wa Pacha, na koti lake la kazi mwilini. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili, mlango wa mbao na komeo alilolitengeneza marehemu. Alisimama hapo akitafuta neno la kubisha. Likamkwama. Akagonga kwa vidole.

Mama yule alimfungulia, akampa kiti, akamwekea maji. Fundi hakuyagusa. Alisema yote akiangalia sakafu: chungwa, maganda, karibu ya mdomoni tu, na uwongo alioufuatisha.

"Alibisha hodi, shemeji. Alibisha vizuri kabisa. Mzembe ni mimi."

Mama hakulia. Alikunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Tangu tumzike," akasema taratibu, "kila siku saa kumi na moja mtu anabisha hodi hapa mlangoni. Sauti yake kabisa. Nikawa najiambia, mume wangu wameandika alisahau kubisha. Basi huyu si yeye. Sijawahi kumjibu."

Fundi akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia kumi na moja.

"Shemeji, tutoke."

"Wewe kaa."

Mama aliinuka, akaenda mlangoni, akaweka kiganja kwenye komeo. Nje palikuwa kimya. Hata watoto wa jirani walikuwa wameacha kucheza.

"Hodi," ilisema sauti, upole tu, kama ya mtu aliyetoka kazini amechoka.

"Mkono wangu upo hapa," mama akasema. Akavuta komeo. "Karibu, baba."

Mlango ulifunguka. Fundi hakuona mtu. Aliona mwanga wa jioni sakafuni, na katikati ya mwanga vumbi la mbao likidondoka kidogo kidogo, kama linavyodondoka kwenye nguo za seremala. Mama alisogea pembeni kumpisha mtu. Akatabasamu, macho yamejaa. Fundi alihisi kitu kikipita nyuma ya kiti chake. Kikasimama hapo. Kisha akagongwa mgongoni, mara moja, polepole, kwa kitu kidogo kigumu.

Mgongo wake haukutoa sauti kavu.

"Nenda nyumbani, shemeji," mama alinong'ona bila kumtazama. Alikuwa ameshachukua glasi ya pili na anamimina maji. "Ahsante kwa kuja."

Fundi alirudi kwa miguu. Watu walimpita barabarani, hakuna aliyemsalimia, naye hakumsalimia mtu. Siku iliyofuata alikwenda akafuta maneno ya ile ripoti na kuweka jina lake mwenyewe, na kazi yake uwanjani ikaishia hapo. Mama yule hakuonekana tena akiwa na uso wa mjane. Majirani zake wanasema jioni wanamsikia akicheka na mtu.

Mimi najua haya yote kwa sababu nilikuwa napanga chumba cha pili kutoka kwa Fundi, akanisimulia mwenyewe, na koti lenyewe nimelishika kwa mikono yangu. Alilivua jioni ile akalitundika msumarini, ndipo akaona mgongoni. Amelifua mara tatu kwa sabuni ya kipande, likatoka rangi yake yote ya bluu, lakini chaki haikutoka. Ni X moja kubwa, imelala upande, mkia mrefu umeburuzwa chini.