Alama Nyekundu Mtoni Mkondoa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Editha aliteremka hadi Mto Mkondoa, kijijini Kidete, kutazama nguzo yenye alama za rangi. Kazi hiyo alipewa na Bwana Cleopa, afisa ugani, pamoja na filimbi. Maji yakigusa alama ya njano, watu wajiandae. Yakigusa nyekundu, wahamie shuleni, kwenye mwinuko ulio juu ya njia ya reli.

Jumamosi moja, baada ya mvua kunyesha milimani siku mbili mfululizo, aliikuta alama nyekundu imeshaguswa. Alipuliza filimbi mpaka masikio yakamuuma, kisha akakimbia nyumbani.

"Shikamoo, bibi. Tuhame! Maji yamefika kwenye nyekundu!"

"Marahaba," alijibu Bibi Agnesi, akiendelea kuchambua maharage. "Wiki iliyopita mlituhamisha, tukashinda shuleni na mbuzi, na hapa halikufika hata tone. Sihami tena."

Lazaro, jirani yao, aliyekuwa akipita na baiskeli, alicheka. "Huyo mtoto na filimbi yake!"

Editha aliingia ndani. Alijitwisha dumu la mbegu za mahindi, akapanda nalo hadi shuleni. Akarudi, akachukua la pili. Aliporudi tena, bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Hujachoka tu?"

"Nimechoka, bibi. Lakini mbegu zikienda na maji tutapanda nini? Na wewe siwezi kukubeba."

Bibi aliweka ungo chini. "Wafungulie mbuzi," alisema.

Majirani walipomwona Bibi Agnesi, ambaye hakuwa mtu wa kuyumbishwa, akipanda na mbuzi wake, nao wakafunga mizigo. Lazaro hakucheka tena. Alipakia gunia la mpunga kwenye baiskeli, akafuata.

Saa nane mchana mto ulivunja kingo. Ulibeba mahindi yote ya bondeni na jiko la bibi. Mtu hata mmoja haukumbeba.

Maji yalipokauka, wanakijiji walikusanyika kugawana mbegu zilizookolewa. Bibi Agnesi alisimama mbele ya watoto wote.

"Nilisema tulihama bure," alisema. "Nilikosea. Kuhama bure ni uchovu wa siku moja. Kukataa kuhama siku yenyewe ni kilio cha miaka. Mkionywa, jiandaeni, hata kama jana hapakutokea kitu. Haya, shikeni majembe, udongo bado una unyevu."