Duka Lililomngoja Hafidha

Lifti ilinuka nta ya sakafu. Hafidha alishituka kabla hajajua kwa nini. Katika jengo lile la nguo za jumla, mtaa wa Guangyuan Xilu huko China, mtu hunusa plastiki na jasho la wachukuzi wa marobota, basi. Kissa, mfanyabiashara mwenzake, alikuwa amebaki chini.

Mlango ukafunguka. Kaunta za mninga, vioo vya rangi, lozi za sukari kwenye chupa. Lilikuwa lile duka kubwa la ghorofa nne katikati ya Dar, ambako baba yake alimpeleka kila mwaka kununua nguo za Idi. Duka lenyewe lilikwisha vunjwa zamani. Hata hivyo alitabasamu, akaingia.

"Karibu, Bimdogo," alisema muuzaji, mwanamke mwenye glavu nyeupe.

Hilo lilikuwa jina lake la utotoni. Hafidha aligeuka. Pale penye lifti palikuwa na ukuta mtupu.

"Nataka kutoka, dada."

"Utoke uende wapi? Ulipokuwa na miaka saba ulisimama hapa hapa, ukasema unataka kukaa humu milele. Baba yako alicheka. Sisi hatukucheka."

Akakimbilia ngazi, na ngazi zikampandisha tu, ghorofa baada ya ghorofa, kila ghorofa kaunta zile zile na glavu zile zile zikimpungia, akitaka kusoma Ayatul Kursiyu ulimi ukimganda kila afikapo neno la pili, huku nyuma ya ukuta, karibu kabisa, akimsikia Kissa akiita, "Dada Hafidha! Uko wapi, dada?" naye akiupiga ukuta ngumi mpaka mikono ikachubuka, na sauti ya Kissa ikizidi kufifia.

Wachukuzi walimkuta jioni ndani ya stoo, amejikunyata juu ya robota, macho wazi. Hakumjua mtu. Kissa, Mkristo wa Mbeya, hakusita. Alimwita Mzee Murshid, Mzanzibari anayesomea wagonjwa.

Mzee alisoma mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe kinywani mwa Hafidha ikatoka sauti ya mwanamke mwingine, taratibu.

"Nitatoka. Ila sitoki mikono mitupu."

"Hupewi kitu, maluuni! Toka!"

Hafidha akapiga ukelele, akazinduka. Akamwita Kissa kwa jina, akaomba maji. Wakamshukuru Mungu, kila mmoja kwa dini yake.

Asubuhi simu ikalia kutoka Dar. Mzee mmoja aliongea kwa muda mrefu, akilia kwa furaha. Hafidha alimsikiliza kwa adabu, kisha akaiziba simu kwa kiganja.

"Kissa," alinong'ona, "kuna mzee hapa ananiita mwanangu. Wewe unamfahamu?"