Kila Kilichofungwa

Mlango ulimkatalia Rawya kwa mara ya kwanza asubuhi moja alipokuwa akienda kununua maharage ya ful. Aliuvuta, haukutikisika. Akaweka bakuli chini, akauvuta kwa mikono miwili, tumbo lake la miezi minane likigusa mbao.

"Umenenepa mno, mkwe wangu. Mlango umekuogopa," alisema Haja Atiyat, mama wa mumewe, kutoka mkekani. Akainuka, akauvuta kwa kidole, nao ukafunguka kama pazia.

Walicheka. Siku ya pili hawakucheka sana.

Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa kijiji, kaskazini mwa Kharga katika jangwa la Misri, na kilima cha mchanga kilikuwa kimeifikia. Kule hakuna anayehama kwa sababu ya kilima. Upepo wa kaskazini hukisukuma taratibu, kama ng'ombe asiye na haraka. Kikifika kwako unajenga ghorofa, unaishi juu, unasubiri kipite. Wapo waliozaliwa juu na kuzeeka ndipo wakaiona sebule ya babu zao. Zeinhom, mume wa Rawya, alikuwa amejenga ghorofa na kutoboa mlango mpya huko juu, upande wa kusini.

Siku ya kuhamia juu, Haja Atiyat alisema mlango wa chini ung'olewe, maana ndivyo wakubwa walivyofanya. Rawya hakukataa kwa kiburi. Mlango ule baba yake aliuchonga kwa mti wa mgunga kwa ajili ya harusi yake, na baba hakuwapo tena. Aliufunga kwa ndani, akasukuma komeo, madirisha yakazibwa kwa matofali. Kisha akapanda ngazi ya ndani na kufunika tundu la sakafu kwa ubao. Kilima kikipita, alijisemea, nitaukuta.

Sasa chini ya ubao ule kulikuwa na kitu kinachobisha. Kilibisha adhuhuri, watu wakiwa wamejinyoosha. Mara mbili haraka, kisha mara moja kwa uzito, kama mgeni aliyechoka.

Rawya alifundisha jiografia, na mapenzi yake yalikuwa ramani za zamani za jangwa lile. Humo alitafuta yaliyokuwapo: visima vilivyofukiwa, njia za ngamia, vitongoji ambavyo hata wazee hawakuvikumbuka. Akitaka kujua kilima kitaondoka lini, alibandika karatasi za enzi tofauti kwenye kioo cha dirisha ili jua lipenye zote. Katika ile kongwe palikuwa na nyumba kaskazini mwao, miraba midogo myeusi kwenye mstari mmoja. Katika iliyofuata, mistari ya miinuko ilikuwa imezimeza, ikizunguka kama alama ya kidole gumba. Katika picha ya karibuni, iliyopigwa kutoka angani, kilima kilikuwa kimeshazipita.

"Zeinhom, njoo uone. Nyumba hizi ziko nje tena."

"Na mwalimu anataka kwenda."

"Nataka kuona walizitokaje."

Zeinhom alimfungulia mlango, naye akapita haraka chini ya mkono wake.

Nyumba zilisimama bila paa, zikiwa zimejaa mwanga. Hazikuwa na mlango hata mmoja. Hakuna aliyeiba, bawaba zilitolewa kwa utulivu. Mitungi ililazwa ubavu, midomo wazi. Hata tanuri lilikuwa limebomolewa kifuniko. Nyumba ya mwisho tu ndiyo iliyokuwa na chumba cha juu ambacho mlango wake umefungwa. Zeinhom aliingia kwa upande, palipobomoka ukuta, akachelewa kutoka.

"Kuna nini?" Rawya aliita kutoka nje.

"Mlango umekwaruzwa," alisema. "Upande wa ndani. Mbao zimelika hadi zimekuwa nyembamba."

Kilichokuwa chini ya mlango ule hakumwambia. Alivua kilemba chake, akafunika nacho mifupa ile.

Tangu waliporudi, Rawya hakuweza kutoka tena. Zeinhom aliung'oa mlango wa juu na kuutupa nje. Kuku waliingia na kutoka, majirani waliingia na kutoka. Rawya alisogea kizingitini, jua likamgusa uso, na kinywa chake kikajaa mchanga. Alianguka nyuma akikohoa. Sakafuni palibaki vichuguu vidogo vya mchanga wenye unyevu.

"Mtoto amekaa kimshazari," alimnong'oneza mumewe. "Daktari alisema bila kupasuliwa hatutoki salama, si mimi wala yeye. Nitapasuliwa na nani humu ndani?"

Zeinhom alikwenda kumleta Sheikh Gaballah, fundi wa pampu za visima ambaye pia husomea Kurani watu walioshikwa na majini. Alikuwa mtu mwenye haya, mikono yake ikinuka grisi. Alisikiliza kila kitu akitazama mkeka, wala hakuinua macho kwa mwanamke mwenye hali ile, kama adabu ya kule inavyotaka.

"Jini huyo si mbaya," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anasafiri na mchanga wake, akaingia kupumzika, akafungiwa. Wewe ungefanya nini?"

"Tumtoeje, sheikh?" aliuliza Rawya.

"Aliyefunga ndiye afungue. Mlango wa chini."

"Nitashuka mimi," alisema Zeinhom. "Kilima chote kimeuegemea!"

"Mkono wako haukufunga, mwanangu. Mkeo atavuta komeo na kupanda hapo hapo, kabla mchanga haujajaa." Akajifuta grisi vidoleni. "Lakini kwanza fungueni kila kilichofungwa humu. Hao hawapendi jua. Akitoka kwenye kifungo kimoja atakimbilia kingine kilicho karibu. Asipokiona, atarudi kwenye mchanga wake."

Wakafungua. Masanduku, mitungi, chupa za mafuta, birika la chai, mapipa ya tende. Rawya aliondoa vifuniko vya mabomba ya kuhifadhia ramani zake.

"Na kopo langu la ugoro?" aliuliza Haja Atiyat.

"Hata hilo, Haja."

"Haya. Jini akipiga chafya msiniulize."

Adhuhuri ubao wa sakafu ukaondolewa. Harufu iliyopanda ilikuwa ya udongo wa zamani na ya mbao za mgunga, harufu ya karakana ya baba yake, na Rawya nusura alie. Alishuka akishika ukuta, kidato baada ya kidato, giza likimpanda magotini kisha kiunoni, na kila alipotua mguu kitu kilitua mguu mbele yake, pole pole, kama kinachomwonyesha njia, hadi akaugusa mlango na kuukuta una joto kama mwili wa mtu mwenye homa, na upande wa pili uzito wa kilima ukipumua, na nyuma ya shingo yake pumzi nyingine kavu isiyo na haraka, naye akasema, "Nisamehe, sikujua kama upo," akavuta komeo, likagoma, akalivuta tena kwa mikono miwili, likatoka, na mlango wa baba yake ukapasuka kwa sauti kama ya mfupa, mchanga ukamwagika ukimfunika nyayo, vifundo, magoti, akapanda akiita jina la Mungu, na mahali fulani kwenye ngazi mkono mkavu ulimshika ubavuni, ukamsukuma juu.

Zeinhom alimpokea tunduni. Nyuma yake mchanga ulijaa hadi ngazi ya mwisho, ukatulia.

Kisha Haja Atiyat akasema, "Nenda, mwanangu. Jaribu."

Rawya alisogea kizingitini. Jua lilimgusa uso. Alivuta pumzi, ikaingia pumzi tu. Akavuka. Majirani walipiga vigelegele, Zeinhom akakimbilia gari kumpeleka hospitali, na Sheikh Gaballah akaosha mikono yake, macho chini.

"Tumefungua vyote?" sheikh alimuuliza Haja Atiyat.

"Vyote, sheikh. Hadi ugoro."

Garini Rawya aliegemea kiti, akafunga macho. Tangu alfajiri mtoto alikuwa hajacheza. Aliweka kiganja tumboni, akamwita kwa upole.

Mtoto akamjibu. Mara mbili haraka, kisha mara moja kwa uzito.