Maji Kwanza

SAA MOJA ASUBUHI. KITALE.

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha gereji. Walubengo, mkubwa wao, alichora yadi ya kampuni ya gesi sakafuni kwa chaki.

"Lango hili. Kibanda cha mlinzi. Hapa kuna mitungi hamsini ya gesi, ile ya kilo sita. Imeoza matako kwa kutu, kampuni imeikataa. Saa nane leo inapondwa. Sisi tunaingia saa nne, tukijifanya watu wa vyuma chakavu."

"Halafu?" aliuliza Kiplagat, dereva wa lori.

"Halafu Bumula. Wabwile anaziba matundu kwa moto, tunapiga rangi. Mnunuzi anakuja saa kumi, akaijaze gesi mwenyewe."

Wabwile alicheka. Kuchomelea vyuma alifundishwa na Walubengo, na alimwamini kuliko pasta. Dada yake, Dinah, hakucheka. Aliwahi kufanya kazi duka la gesi.

"Mtungi haupigwi moto kabla ya kujazwa maji," alisema. "Hata ukiwa mtupu, gesi kidogo inabaki. Maji ndiyo yanaifukuza. Bila hivyo, ndugu yangu anakufa. Niahidi."

"Maji kwanza. Si nimesema, bana?"

Hakuna aliyeuliza ni nani angepikia mitungi hiyo. Hata Dinah.

SAA NNE NA ROBO.

Mlinzi, Mzee Nehemiah, aliisoma barua yao ya kuchukua mitungi mara mbili.

"Vijana, hii haina muhuri."

Walubengo alimpiga spana ya magurudumu kichwani. Mara moja tu. Mzee alikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka.

"Ulisema hakuna damu!" Dinah alinong'ona.

"Pakia."

Walipakia. Dakika kumi na moja. Wabwile alimwekea mzee kofia yake chini ya kichwa, kisha akaruka juu ya lori.

SAA NANE. BUMULA.

Boma lilifichwa na miwa. Dinah alishuka wa kwanza, akateka maji. Walubengo aliipiga ndoo teke.

"Ukitia maji, mtungi unakauka kesho. Mnunuzi ni leo."

"Uliahidi!"

"Kitale niliahidi. Hapa ni Bumula."

Dinah alimshika Wabwile mkono. "Wabu, ukiwasha moto kwa huo mtungi, umekufa. Nakuomba."

"Siste, wacha uoga. Mkubwa anajua vyuma. Ati angenichoma mimi?"

"Mkubwa atasimama wapi ukichomelea? Muulize."

Wabwile alimtazama Walubengo. Walubengo alikuwa amesimama mbali, ng'ambo ya lori. Wabwile aliona. Akainama hata hivyo, akaanza kukwangua kutu.

SAA NANE NA NUSU.

Nyuma ya choo, Dinah alipiga simu polisi. Alitaja boma. Alitaja mitungi. Alitaja jina lake mwenyewe.

"Njooni haraka," alisema. "Anamaliza kukwangua."

SAA TISA KASORO DAKIKA TANO.

Wabwile alishusha kinyago usoni. Jenereta ilinguruma. Land Cruiser ya polisi ikavunja lango.

"Karao!" Kiplagat alipiga kelele. Yeye na Walubengo walizama kwenye miwa. Polisi wawili waliwafuata, wakarudi mikono mitupu.

Wabwile hakusikia chochote mpaka alipoangushwa. Fimbo ya kuchomelea ilikuwa bado mkononi, haijagusa chuma.

Alikuwa hai. Dinah alilia kwa shukrani, hadharani, bila aibu.

"Yule mzee wa Kitale amefia njiani kupelekwa hospitali," afisa alimwambia Wabwile akimfunga pingu. "Hii sasa ni wizi na mauaji."

"Hakumgusa!" Dinah alisema. "Ni Walubengo!"

"Walubengo yuko wapi?"

Miwa ilitikisika kwa upepo tu.

Wabwile aliitazama mikono ya dada yake. Haikuwa na pingu. Alielewa.

"Ni wewe."

"Ungekufa, Wabu."

"Ningekufa," alisema. "Lakini ningezikwa nikiwa na dada."

Akapanda gari mwenyewe, akageukia upande wa pili.